Atakuwa Anakusubiri Mlangoni

Kanisa lilimpa cheo cha Mzee kabla ndevu zake hazijaamua kama zitaota. Alikuwa na miaka kumi na tisa, kibati cheusi kifuani kimeandikwa Mzee na jina la ukoo wake, shati jeupe, tai, na begi mgongoni. Mtaa haukuchelewa. Kwanza fundi viatu wa pale kona alimwamkia, "Shikamoo, Mzee," akiinamisha kichwa kwa heshima zote. Halafu muuza vocha akamuuliza kama wajukuu hawajambo. Haukupita muda jina la kwenye kibati likasahaulika kabisa, na kila mtu akawa anamwita Babu. Mwenyewe alilipokea. Kijana aliyejitolea kwenda nchi ya watu kuhubiri miaka miwili bila mshahara hawezi kuanza kugombana na watu kwa ajili ya utani, na sisi tumwite hivyohivyo.

Babu hakuwa peke yake, maana vijana hawa wa Kimormoni hawatembei mmojammoja. Hulala chumba kimoja, hula meza moja, na mmoja akienda dukani kununua sabuni, mwenza wake humsindikiza. Mwenza wa Babu alikuwa kijana mrefu, mkimya, kutoka nchi nyingine kabisa, ambaye alikula kila kitu kwa kijiko, hata embe, ndiyo maana naye akaitwa Kijiko. Walipanga chumba ghorofa ya pili katika jengo la wapangaji wengi, lenye ngazi za saruji na kuta zilizochubuka pale watu wanapopitisha makabati. Asubuhi waliamka mapema, wakapiga pushapu katikati ya vitanda viwili, wakasoma maandiko kila mtu kivyake, kisha wakafanya mazoezi ya kufundisha. Kijiko alijifanya mtu asiyeamini, Babu akamwongoa. Kijiko alikuwa mgumu kuongoka kuliko mtu yeyote waliyewahi kukutana naye mtaani.

Baada ya hapo ilikuwa ni milango. Kuna mlango uliofungwa kabla hujamaliza kusema habari za asubuhi. Kuna mlango uliofunguliwa na mtoto aliyefundishwa kusema mama hayupo, huku mama akimsahihisha kutoka jikoni. Kuna mwenye nyumba aliyewakaribisha kwa bashasha, akawakalisha, akawapa maji ya kunywa, kisha akawauzia sera za kanisa lake yeye mpaka jua likazama. Pasipokuwa na mlango palikuwa na kazi ya mikono. Walimsaidia mjane kubeba magunia, wakampakia mtu vyombo siku ya kuhama, wakafyeka nyasi za watu waliowaangalia kwa mashaka wakingoja kuambiwa bei. Babu aliipenda kazi hiyo. Alikuwa na moyo, hilo hatumnyimi. Tatizo lake lilikuwa mdomo, ambao siku zote ulifika kabla ya moyo.

Chini kabisa ya jengo lao, chumba kinachotazama uani, aliishi mama mmoja aliyefua na kupiga pasi nguo za watu. Wote walimwita Mama Pasi. Meza yake ilikuwa ubao mpana uliotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake. Nguo za kila mteja alizitia alama ya uzi upindoni, huyu mwekundu, yule wa bluu, na hajawahi kumpa mtu suruali ya jirani. Bomba la maji lilikuwa upande wa pili wa ua, kwa hiyo Babu na Kijiko wakajipa kazi ya kumchotea kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye milango yao. Mwanzoni aliwakatalia. Baadaye akawa anaziacha ndoo nje bila kusema neno. Mwisho akawaambia waingie.

"Masikio yangu hayana kazi," alisema, akinyunyizia shati maji kwa vidole. "Semeni hayo mnayosema kwa watu."

Wakasema. Walisema wiki hii, wakasema wiki iliyofuata, yeye akipiga pasi. Hakuwa mtu wa kuitikia amina ovyo. Alipoambiwa kwamba waumini wao hawanywi chai, alisimamisha pasi akamwangalia Babu kwa huruma, kama mtu anayesikia habari za msiba. Lakini akaiacha. Mama aliyekunywa chai tangu hajaota magego, akaiacha, akanywa maji ya moto na ndimu na kulalamika kwa jengo zima. Jumapili moja wakamwona kanisani, amekaa kiti cha nyuma karibu na mlango, nguo imenyooka kuliko za wote. Hatimaye akakubali kubatizwa. Alisema gauni jeupe la ubatizo asilipige pasi mtu mwingine, atalipiga mwenyewe.

Huyu alikuwa wa kwanza kwa Babu. Miezi yote ile ya kufungiwa milango, na sasa mtu mmoja mzima anakuja. Alimshukuru Mungu kwa magoti mawili. Pia alijivuna kidogo, akajiambia kuwa huko si kujivuna.

Mama Pasi alikuwa amefiwa na mume mwaka uliotangulia. Habari hiyo waliipata kwa majirani, kwani yeye hakumtaja kamwe. Ukutani kwake palikuwa na kalenda na kioo, picha ya marehemu haikuwepo. Babu aliliona hilo akaona ameelewa. Alimnong'oneza Kijiko kwamba uchungu wa huyu mama ni mkubwa mno hata kumtazama mumewe hawezi. Kijiko akainua mabega, akasema labda.

Ndipo Babu akaamua kwamba umefika wakati wa somo la familia.

Somo hilo alilipenda kuliko yote. Wanaamini kwamba mke na mume wanaweza kuunganishwa hekaluni, wao na watoto wao, na muungano huo kifo hakiukati. Babu alikuwa na ushahidi wake. Ndani ya jalada la kitabu chake alitunza picha ya baba, mama, yeye na dada yake mdogo wamesimama mbele ya hekalu kwa nguo za Jumapili, siku walipounganishwa. Katika kila nyumba iliyowapokea aliitoa picha hiyo akasimulia. Baba yake zamani alikuwa mkali, mkono wake mwepesi, wakaja wamisionari kama hawa, baba akabadilika, na leo ni mtu wa kukaa viti vya mbele. Watu walikuwa wakitikisa vichwa. Wengine walilia. Mama yake kwenye picha hiyo alikuwa ameshika mkoba kwa mikono yote miwili.

Siku hiyo Mama Pasi aliipokea picha kwa ncha za vidole asiilowanishe. Akaitazama sana.

"Huyu mama yako?"

"Ndiye."

"Mdogo. Na yeye aliulizwa?"

"Aliulizwa nini, mama?"

"Kama anataka hayo ya milele."

Babu akacheka. "Nani asiyetaka?"

Hapa ndipo mtu mwenye akili angemfinya Babu chini ya meza, lakini Kijiko alikuwa ameegemea mlango, mbali na kumfikia. Mama Pasi akarudisha picha, akachukua pasi, akaanza kola ya shati.

"Kwa hiyo ukifa hapa, huko unakuwa na yuleyule?"

"Yuleyule, mama."

"Wangu hakuwa wa kanisa lenu. Hakuwa wa kanisa lolote."

Hilo Babu alikuwa amelingoja. Akasogeza kiti. Akamweleza kwamba hata aliyekufa bila kubatizwa hajapotea, walio hai wanaweza kumfanyia kazi hiyo hekaluni, na yeye Mama Pasi akishabatizwa na kukaa mwaka mmoja katika imani anaweza kwenda huko akaunganishwa na marehemu mume wake, awe wake na yeye wa kwake, milele na milele. Alieleza vizuri. Sauti ilimtulia, maneno yakaja yenyewe.

"Na siku nikifika huko," Mama Pasi aliuliza, "atajua nimefika?"

Babu angeweza kusema sijui. Ni neno fupi, halina gharama. Badala yake akaegemea mbele, machozi yakamlengalenga kwa utamu wa maneno yake mwenyewe, akasema jambo ambalo halikuwa katika somo lolote.

"Atakuwa anakusubiri mlangoni, mama."

Mama Pasi akainua pasi. Akaisimamisha pembeni, akazima swichi ukutani. Lile shati lilikuwa na mkono mmoja umenyooka na mwingine umekunjamana, akalikunja hivyohivyo, akaliweka juu ya mengine.

"Leo nimechoka," alisema. "Nendeni."

Nje, kwenye ngazi, Babu alikuwa bado anang'aa. "Umemwona alivyoguswa?"

"Sidhani alifurahi," Kijiko akasema.

"Wengine hulia kwa furaha."

"Hakulia."

Asubuhi iliyofuata ndoo hazikuwa nje. Babu alibisha hodi, akabisha tena, na kwa ndani alisikia mtu akisimama asiende popote. Siku iliyofuata walimkuta bombani anachota mwenyewe, mgongo umepinda, na walipokimbilia kumpokea ndoo alisema, "Acheni," bila kuwaangalia. Jumapili kiti cha karibu na mlango kilikuwa kitupu. Babu aliketi mbele akikigeukia kila wimbo unapoanza, mpaka Kijiko akamgusa goti.

Kwanza alikasirika. Tuseme ukweli, aibu haikumjia mara moja. Kabla ya aibu ilikuja hasira ya mtu aliyebeba ndoo za watu asubuhi zote zile. Na siku ya maandalizi, ile siku ya kufua, kununua vitu na kupiga simu nyumbani, alikuwa bado nayo.

Wazazi wake walitokea kwenye skrini kama kawaida, baba katikati, mama nusu uso. Baba aliuliza afya, akauliza kazi inakwendaje. Babu akawamwagia yote. Kuna mama mmoja alikuwa amekaribia kabisa, wamemfundisha, wamemchotea maji, na siku ya kuambiwa habari njema kuliko zote, kwamba atakuwa na mume wake milele, amewafungia mlango.

"Mtu anaambiwa mume wake anamsubiri," alisema, "halafu ananuna."

Baba akacheka kile kicheko chake kikubwa. "Mioyo mingine migumu, mwanangu. Usikate tamaa. Milango ipo mingi."

Mama hakucheka. Alikuwa anamtazama Babu, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke nyumbani uso wake wote ulikuwa ndani ya picha.

"Chakula kinaungua," akasema. Akaondoka.

Baba akageuka kutazama alikoelekea. "Tumeshakula. Kinaungua nini tena?"

Babu akacheka naye. Kisha wakaagana.

Aliyemfungua macho alikuwa mlinzi wa jengo, mtu wa makamo ambaye zamu yake iliisha asubuhi. Kesho yake walimkuta bombani ananawa uso. Alifunga bomba, akajipangusa kwa mkono wa shati, na hakumtania Babu juu ya wajukuu.

"Mmemwambia nini yule mama?"

Babu akaeleza, kwa kifupi, bado kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Mlinzi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kitanda usichokilalia, Babu, hujui kunguni wake. Siku aliyozikwa yule bwana, huyu mama alilala mlango wazi. Nilikwenda kumwambia afunge, wezi wapo. Akaniambia, kaka, niache, leo sina wa kumwogopa."

"Alikuwa anampiga?"

"Alikuwa anamngoja hapo hapo mlangoni, mama akichelewa kurudi kutoka kupeleka nguo za watu. Jengo zima lilijua."

"Na nyie mlifanya nini?"

Mlinzi akatazama ndoo. "Tuliongeza sauti ya redio," alisema.

Babu aligeuka akatazama mlango wa Mama Pasi. Kijiko alidhani ni hasira tena, akamshika bega waondoke. Haikuwa hasira.

Redio ilikuwa kazi yake. Nyumbani kwao, alipokuwa mdogo, sauti ya baba ilikuwa ikibadilika, si kupanda, ikishuka, na hapo mama angemwambia, "Mwanangu, ongeza redio kidogo, wimbo huo naupenda." Naye aliongeza. Alikaa na dada yake sakafuni mbele ya redio, vidole kwenye kitufe. Mama aliupenda wimbo huo hata ilipokuwa ni taarifa ya habari. Baadaye walikuja wamisionari, baba akabatizwa, na ngumi zikakoma, au karibu zikome, na siku walipopiga picha mbele ya hekalu Babu aliamua kwamba mambo yale yamefutwa. Akayageuza kuwa ushuhuda. Aliwasimulia wageni katika nyumba nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, akitoa picha, akingoja watikise vichwa, na hata siku moja hakumuuliza mwenye mgongo uliopigwa kama anaruhusu usimuliwe.

Na yeye, katika watu wote wa lile jengo, ndiye aliyekuwa na sababu ya kujua. Mlinzi hakuhitaji kumwambia. Ukuta usio na picha, kiti cha karibu na mlango, mwanamke anayeuliza swali moja kwa njia tatu. Mtoto aliyelelewa nyumba kama ile angeyasoma hayo kwa kupapasa. Lakini yeye hakutaka kuyajua. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na Babu wetu alimpata wake mapema mno.

Siku hiyo hawakugonga mlango wowote. Babu alikaa kitandani na viatu vyake miguuni. Kila alipofumba macho alijisikia akisema lile neno, kwa ile sauti tamu. Kijiko alimletea chakula, na kijiko.

"Piga simu kwa rais wa misheni," akasema Kijiko.

Rais wa misheni alikuwa mzee wa kweli, mwenye mvi na wajukuu, na kazi yake ilikuwa kuwaangalia vijana hawa wote kama baba. Babu akamweleza. Safari hii hakuacha kitu.

"Hakuna mtu anayelazimishwa," rais alisema. "Si hapa, si huko. Mungu hamfungi mtu kwa mtu asiyemtaka. Hilo hukufundishwa?"

"Nilifundishwa."

"Wewe ulimwambiaje hasa?"

"Nilimwambia atakuwa anamsubiri mlangoni."

Rais akamtaka alirudie neno hilo, naye akalirudia.

"Basi rudi kamwambie," rais akasema. Hakumkaripia. Babu angeona nafuu kama angekaripiwa.

Jioni walishuka wote wawili. Babu alibisha, akajitaja. Kitasa kikazunguka, mlango ukafunguka kiasi cha uso.

"Mama, sikuja kufundisha," alisema. "Nimekuja kukuomba radhi. Nilikuambia maneno yasiyokuwepo. Hayo ya mlangoni niliyatunga mimi. Mtu halazimishwi. Usipotaka kuwa naye, hutakuwa naye, si leo, si milele. Nimeuliza kwa mkubwa wetu."

Mama Pasi alimtazama kwa utulivu uliomchoma zaidi.

"Siku ile ulikuwa na hakika hivihivi."

"Ndiyo, mama."

"Na leo una hakika."

"Ndiyo."

"Ningekuwa wewe, ningepunguza hakika." Akaangalia ua, akarudi kwake. "Unajua nilikuwa nafanya nini nilipokuwa kwa yule bwana? Nilikuwa nahesabu. Sisemi nilimwombea afe. Nilijiambia tu, mwisho wake upo, maana kila kitu kina mwisho. Hicho ndicho kilikuwa chakula changu. Mtoto mdogo kama wewe unakuja na kitabu, unaniambia hakuna mwisho. Kwa siku tatu sikulala na taa imezimwa. Mtu amekufa, nimemzika mwenyewe, namsikia ukumbini."

Babu alitaka ardhi ipasuke immeze. Ardhi ya ua ule ilikuwa saruji, haikupasuka. "Nisamehe, mama," alisema, na machozi yakamtoka kweli, haya hakuyapanga.

"Usinililie hapa, watu watadhani nimekudhulumu nguo." Sauti yake ililegea kidogo. "Nimekusikia. Umefanya vizuri kurudi, wengine wangehama. Lakini kubatizwa, hapana. Na maji nitachota mwenyewe."

"Tunaweza tu kukusaidia ndoo, bila maneno."

"Hapana. Sasa nafunga mlango, na si kwa hasira. Naupenda tu ninapoufunga mwenyewe."

Akaufunga taratibu. Kijiko akasema, "Umesema vizuri," na Babu akamwomba asiseme hivyo.

Kwenye milango iliyofuata hakuitoa tena ile picha. Watu walipouliza maswali magumu akawa anasema sijui, mara nyingi mpaka Kijiko akaanza kumsaidia kujibu. Usiku sala zake zikawa fupi. Aliona haya kumwomba Mungu vitu. Zaidi ya yote aliogopa siku ya maandalizi, kwa sababu ya uso ule mzima aliouona kwenye skrini, na kwa sababu alijua sasa chakula gani kilikuwa kinaungua.

Siku ikafika. Baba katikati, mama nusu uso. Baba alisimulia habari za kanisani, nani kaoa, nani kahama, na Babu akaitikia. Mara geti likagongwa huko kwao, baba akasema ni fundi wa paa, anarudi sasa hivi. Akatoka kwenye picha. Mlango ukasikika.

Mama akasogea mpaka skrini ikajaa uso wake. Kulikuwa na mikunjo ambayo Babu hakuwahi kuitazama.

"Yule mama wa pasi," alisema kwa sauti ya chini. "Ulirudi kwake?"

"Nilirudi, mama."

"Ukamwambia nini?"

"Ukweli. Kwamba nilikosea. Mtu halazimishwi. Asipotaka kuwa naye huko, hatakuwa naye."

Mama akageuka akatazama mlango, kisha akarudi.

"Yule na mumewe hawakuwa wameunganishwa," akasema. "Je, waliokwisha kuunganishwa?"

Miezi yote aliyofundisha, hakuna mtu aliyemuuliza swali zito namna ile. Kijiko, aliyekuwa anakunja nguo upande wa pili wa chumba, aliacha kukunja.

"Hata hao, mama. Mungu hamfungi mtu kwa nguvu."

"Una hakika, au unanifariji?"

"Rais mwenyewe ndiye kasema."

"Ulimuuliza habari zangu?"

"Hapana."

"Vizuri," mama akasema. Alishusha pumzi, ndefu, mabega yakashuka nayo, na Babu akagundua kwamba maisha yake yote amemwona mama yake mabega yamepanda. "Vizuri. Baba yako asijue nimeuliza."

"Mama, mimi sikuwahi..."

"Shh."

Mlango ulisikika huko, na viatu. Mama alirudi nyuma mpaka akabaki nusu, uso ukawa ule wa siku zote. Baba akaketi, kiti kikalia.

"Mnaongea nini, mbona kimya?"

"Namuuliza kama huko kuna baridi," mama akasema.

Wakamtazama Babu, wote wawili, kila mmoja akingoja jibu lake. Huyu ndiye kijana aliyetumwa nchi ya mbali kusema kweli mlango kwa mlango.

"Ipo, baba," akasema. "Lakini mtu anazoea."

Baba akacheka, akasema huo ndio uanaume. Mama aliitikia kwa kichwa, kidogo tu, kumshukuru, na Babu akaona aibu kumtazama machoni.